Kwa Nini Rubani Aliacha Njia

4 Februari

Shangazi yangu mpendwa,

Shikamoo. Natumaini barua hii inakukuta mzima na sikio lako limeacha kuvuma. Sisi huku hatujambo, kwa kiasi chake. Mama magoti yanamsumbua asubuhi, mchana anasahau kwamba anayo, jioni yanamkumbusha. Paa la chumba cha nyuma bado linavuja. Fundi alikuja, akalitazama kwa huzuni kama mtu aliyefiwa, akaenda zake na hajarudi. Mama anakusalimu. Nasema hivyo kila barua, nawe unajua kwamba hasemi kitu, ila akiona naandika bahasha yako hunyamaza na kuniachia meza, na mimi naihesabu hiyo kuwa salamu.

Sasa nikupe habari yenyewe. Pale makumbusho ya ndege nimehamishwa. Zamani nilikuwa ukumbi wa injini, nikiwaambia watoto wasitie vidole kwenye mapanga ya injini. Sasa niko ukumbi mpya. Kuna sanduku la upepo ambapo unaweka bawa la mbao na kuliona likinyanyuka lenyewe. Kuna kiti cha rubani chenye usukani, ukivuta vibaya kinatetemeka na honi inalia. Na katikati, shangazi, wameweka Bata.

Ndiyo, Bata yule yule. Ile ndege ya barua na dawa aliyoiendesha baba, iliyoitwa hivyo kwa jinsi ilivyoyumba ikitembea ardhini. Mkia ni wake halisi, waliuchukua kwenye bohari la serikali ulikokaa miaka yote hii. Sehemu ya mbele wameiunda upya. Mbele yake kuna ubao wenye maandishi makubwa: KWA NINI RUBANI ALIACHA NJIA? Chini yake vitufe vinne: ukungu, kizunguzungu, dira mbovu, haijulikani. Mgeni anabonyeza anachoona sawa, na skrini inamwonyesha wenzake wamefikirije. Kisha anakwenda kununua soda.

Mkurugenzi anajua mimi ni binti wa nani. Aliniuliza kama nataka kubaki kule kwenye injini. Nikamwambia hapana, kama watu watapiga kura juu ya baba yangu, heri nisimame hapo niwaone usoni.

Ninalokuomba ni hili. Wachunguzi waliandika kwamba Bata alitakiwa kufuata bonde la mto mpaka uwanjani, lakini alitoka bondeni akagonga mlima ulio nyuma ya nyumba yetu, na sababu haikujulikana. Mimi nilikuwa na miaka mitatu. Nimekua nikisikia mtaani kwamba ni dira. Wewe ulikuwa unaishi nasi wakati ule, ukisoma ushonaji. Lazima ulimsikia akilalamika juu ya ile dira. Niandikie tu ulichosikia, nami nitampelekea mkurugenzi, wabadilishe ubao. Siri ya mtungi muulize kata, na kata ni wewe.

Mwanao.


2 Machi

Mwanangu,

Marahaba, na Mungu akuzidishie adabu, maana ombi lenyewe umeniambia mwishoni kama mtu anayetaja homa yake mlangoni pa daktari akitoka.

Mimi mzima. Sikio linavuma lakini nimelizoea, linanisaidia nisisikie maneno ya jirani. Na usiniambie tena nikupigie kwa simu yake. Huyo mwanamke ukiongea kwa simu yake anakaa karibu akikunja nguo zile zile mara tatu. Barua ni polepole lakini haina masikio.

Hapa karakana tumepata kazi ya sare za shule, kola mia kadhaa, na msichana mmoja niliyemwajiri ameshona mikono ya kushoto yote kulia. Nilimuuliza kama kwao watu wana mikono ya namna hiyo. Akacheka, nikacheka, tukafumua. Jino langu la nyuma limeng'olewa. Mume wangu bado anakohoa, bado anakataa hospitali, bado anasema ni vumbi.

Kuhusu ile ndege, mwanangu, waachie wenye ndege. Aliyekufa amekufa, na hakuna ubao utakaomrudisha mezani. Ubao wenyewe ni wa watoto kuchezea. Kiini macho tu hicho.

Mnunulie mama yako mafuta ya kuchua, yale mazito, si yale ya maji maji.

Shangazi yako.


19 Machi

Shangazi,

Shikamoo. Pole kwa jino na mikono ya kushoto. Mwambie mumeo kwamba vumbi halikohozi mtu mwaka mzima. Mafuta nimenunua, mama anasema yananuka kama gereji lakini anapaka.

Nimeisoma barua yako mara kadhaa nikitafuta jibu langu, sikuliona. Kuuliza si ujinga, kwa hiyo nauliza tena.

Nikueleze jinsi siku zangu zinavyokwenda, labda utaelewa. Wanakuja watoto wa shule, wanasukumana, mmoja anabonyeza "kizunguzungu" na kuzunguka mpaka anaanguka sakafuni, wenzake wanacheka. Wanakuja wanaume waliovaa vizuri, wanasoma, wanatikisa kichwa, wanawaambia wake zao, "Huyu lazima alikuwa amelewa." Kitufe cha ulevi hakipo, lakini nimekisikia kikibonyezwa mara nyingi. Mimi nimesimama na beji kifuani, natabasamu. Baba hakuwa mlevi. Hiyo ndiyo karibu habari yote niliyo nayo juu yake, na siwezi kuitumia kazini.

Na kuna mtu mmoja. Ni fundi viatu, mzee wa makamo, vidole vyake vyeusi kwa gundi na rangi. Kila Jumamosi anakuja peke yake, anavua kofia, anabonyeza "haijulikani", anakaa kwenye benchi. Nilidhani ni mpenzi wa ndege. Wiki iliyopita nikamuuliza kama ana swali. Akaniambia, "Muuguzi aliyekuwa ndani ya ndege na rubani alikuwa dada yangu. Ndiye aliyenilea. Swali langu ni hilo hilo lenu, mmelichukua mkaliandika ubaoni."

Nilimwambia mimi ni binti wa rubani. Hakukasirika, na mimi nilitamani akasirike. Alisema tu, "Basi na wewe hujui."

Shangazi, yule mtu hajalala vizuri tangu alipokuwa kijana. Nimemwahidi kwamba nitamletea ukweli wa ile dira. Mkurugenzi amekubali kubadilisha ubao kabisa kama ataletewa ushuhuda wa mtu aliyekuwepo. Kwa kuwa wewe umekaa kimya, nitamwambia mama kwamba Bata yuko pale. Mpaka leo sijamwambia, niliogopa moyo wake. Lakini ni mjane wake. Ana haki ya kumtetea.

Mwanao.


11 Aprili

Mwanangu,

Sina nafasi ya salamu ndefu. Usimpeleke mama yako pale.

Wewe umerithi ubishi wa baba yako, mtu ambaye akiambiwa sufuria ni ya moto anaigusa ili apate ushahidi. Nakwambia kama mtu aliyekubeba mgongoni: usimpeleke. Mwambie ukumbi umefungwa, mwambie Bata ameoza, sema lolote. Uongo mdogo wa kumlinda mzazi hauhesabiwi.

Umeniomba niandike kwamba nilimsikia kaka yangu akiilalamikia dira. Sikumsikia. Kwa hiyo sitaandika. Na jingine lolote sitaandika pia, kwa hiyo usinibembeleze.

Yule fundi viatu namhurumia. Kuna mambo mtu anaweza kuyahurumia na bado akafunga mdomo.

Kama utakaidi, basi. Mtoto akililia wembe, mpe. Lakini kumbuka nilikwambia.

Shangazi yako.


6 Mei

Shangazi,

Shikamoo. Mama mzima, anakula kidogo. Mimi mzima. Mvua imekatika.

Nilimpeleka.

Nilipomwambia kwamba Bata yuko makumbusho hakushtuka. Alikuwa anachambua mchele. Alisema, "Nilijua watamtoa siku moja," akaendelea kuchambua. Jumamosi akavaa gauni lake la kijivu, akafunga kitambaa kizuri, na hakulalamika magoti hata kwenye ngazi.

Hakulia. Alikwenda moja kwa moja kwenye mkia, akaugusa kwa kiganja, akakiacha hapo. Kuna kamba ya kuzuia watu na mimi ndiye ninayetakiwa kuwakemea wanaoivuka. Nilitazama pembeni. Kisha akaja mbele ya ubao. Hajui kusoma vizuri, unajua, akaniambia nimsomee. Nikamsomea swali. Nikamsomea vitufe, kimoja kimoja. Akaniambia nirudie. Nikarudia.

Fundi viatu alikuwa kwenye benchi lake. Nilikuwa nimempangia iwe hivyo, shangazi. Nilikuwa na furaha, naona aibu kuiandika. Nilimwita, nikasema, "Huyu ndiye mama yangu. Leo atatuambia habari za dira."

Mama akamsalimia. Akaugeukia ubao tena, akauliza, "Na cha kusalimia kiko wapi?"

Nikasema, "Kusalimia nini, mama?"

"Kitufe. Wameweka vinne. Cha kusalimia hawakuweka."

Nilidhani amechanganyikiwa. Nikataka kumkalisha. Akauondoa mkono wangu, taratibu, akamwambia yule fundi, si mimi. Alimwambia kwamba kila baba alipokuwa akirudi safari alitoka bondeni kidogo, akapita juu ya paa letu, akatikisa mabawa, ndipo akaenda kutua. Ndivyo mama alivyojua kwamba amerudi na aweke chakula jikoni. Mtaa mzima ulijua. Watoto walikimbia nje kumtazama. Na wachunguzi walipokuja kuuliza, mtaa mzima ukasema haujui, kwa sababu alikuwa rubani wao, ndiye aliyebeba wagonjwa wao na barua zao, na hakuna aliyetaka kuwa mtu wa kumchafua. Jirani mmoja ndiye aliyeanza habari ya dira. Wengine wakaishika. Mama akawaacha.

"Siku ile mawingu yalikuwa yamelala mlimani," akasema. "Nilitoka uani nikasikia mlio. Nikasema moyoni, leo hatapita, leo mbaya. Akapita."

Fundi viatu alikuwa ameshika kofia kwa mikono miwili. Akasema, "Kwa hiyo dada yangu alikufa kwa ajili ya salamu."

Mama akasema, "Ndiyo."

Hakusema bahati mbaya, hakusema mapenzi ya Mungu. Watoto walikuwa wanapiga kelele kwenye sanduku la upepo.

Fundi akamuuliza, "Wewe ulimwona?"

"Nilimwona. Nilimpungia mkono." Kisha mama akasema, na hapo ndipo sauti yake ilipobadilika, "Na dada yako alikuwa dirishani. Alikuwa anacheka. Alinipungia na yeye."

Yule bwana alikaa chini. Hakukaa kwenye benchi, alikaa sakafuni, pale pale kwenye zulia la wageni. Mama akamfuata, na magoti yale, akakaa karibu naye. Mimi nilisimama na beji yangu. Akaja mama mmoja na wanawe, akaniuliza choo kiko wapi, nikamwelekeza.

Shangazi, wewe ulikuwa unajua. Ulikuwa ndani ya nyumba ile. Kimya kingi kina mshindo mkuu, na mshindo wenyewe nimeupata mimi. Niliwapa watu neno langu kwamba baba hakukosea. Nimesimama pale miezi mitatu nikiwachukia watu waliosema alilewa. Mlevi angalau ana kisingizio.

Nakasirika na wewe. Nakasirika naye zaidi. Sijui namkasirikiaje mtu ambaye sikumbuki uso wake.

Mwanao.


28 Juni

Mwanangu,

Nimechelewa. Niliandika barua nne nikazichana, na karatasi si bure. Mume wangu amekwenda hospitali hatimaye. Si vumbi. Wamempa dawa za miezi sita. Anazinywa akininung'unikia mimi, kana kwamba nilimkohoza.

Nilikuwa kwenye cherehani. Nilisikia mlio ukipita juu, nikasikia mama yako akicheka uani, kisha mlio ukawa mwingine. Nilikimbia nje. Mama yako alikuwa bado ameinua mkono. Alikaa hivyo, mkono juu, mpaka nilipoushusha mimi.

Jioni ile ile alinikataza kusema. Alisema, "Mtoto asikue na hili." Nikakubali. Nilikuwa msichana, nilimpenda kaka yangu, na sikutaka kulisema hata nisingekatazwa. Kisha ikawa kila nikimtazama mama yako naona ule mkono. Ningemwambia nini? Hakumwita. Hakumwomba apite. Alikuwa anapungiwa na mumewe naye akampungia, mke gani asingefanya hivyo? Akili yangu ilijua. Roho yangu ilikataa. Nikafungasha cherehani nikaja huku, na sijarudi. Usiniulize kama nimemsamehe, maana sijui kuna nini cha kusamehe, na bado nikisikia jina lake natoka chumbani.

Nikwambie ukweli mmoja. Kila barua yako ilipofika niliomba Mungu kwamba ile dira iwe mbovu kweli. Mtu mzima kama mimi, najua nilichokiona, naomba dira.

Baba yako hakuwa mtu mbaya. Usimfanye mbaya sasa kwa kuwa hukupata kumfanya mzuri. Alikuwa mtu mwema aliyezoea upuuzi mmoja mpaka ukaacha kuonekana upuuzi. Siku zote mia alizopita ilikuwa mapenzi. Siku moja ikawa mauti ya binti wa watu. La kuvunda halina ubani, mwanangu, kwa hiyo sitakufukizia.

Yule fundi viatu amerudi? Na mama yako, anasemaje?

Shangazi yako.


15 Agosti

Shangazi,

Shikamoo. Nafurahi kwamba mumeo anameza dawa, mwambie anung'unike tu ilimradi ameze. Paa limezibwa. Nililiziba mimi mwenyewe, kwa lami na matusi.

Mama aliniomba nimsomee barua yako. Nilitaka kuruka sehemu ya mkono, akaniambia, "Soma yote." Nikasoma. Akasema, "Mwambie wifi kwamba hata mimi nauona." Basi. Nimekuandikia kama alivyosema. Hii ndiyo salamu yake ya kwanza kwako ambayo sikuitunga.

Fundi viatu alirudi, lakini hakuja kwangu. Alikwenda ofisini kwa mkurugenzi, akamweleza kila kitu, akataka kiandikwe. Alisema dada yake amekaa miaka yote chini ya neno "haijulikani" na inatosha. Mkurugenzi akaniita. Uso wake ulikuwa wa pole, lakini niliona kwamba amefurahi. Alisema wageni hawapendi fumbo lisilo na jibu, linawachosha. Akasema hawatafanya lolote bila idhini ya mama.

Nilimwomba mama akatae. Nilimpigia magoti, shangazi, jikoni, naye ana unga mikononi. Nilimwambia dunia nzima itamcheka baba. Akanijibu, "Yule kijana aliniuliza na nilimjibu. Sasa niseme nilimjibu kwa siri?" Anamwita kijana, mtu mwenye mvi. Siku ya pili nilimpeleka ofisini akaweka dole gumba.

Ubao umebadilishwa. Swali ni lile lile. Vitufe sasa ni vitano, na cha tano kimeandikwa: Alipita kuisalimia nyumba yake. Ukibonyeza vile vingine taa inakuwa nyekundu. Ukibonyeza hicho inakuwa kijani, na skrini inaonyesha mchoro wa nyumba, mlima na mstari wa njia. Mchoraji ameweka mtu uani. Hakumpa uso.

Fundi viatu alikuja Jumamosi moja. Akabonyeza cha tano, akasubiri taa iwake, akavaa kofia yake. Hakuniaga na sikumlaumu. Hajaja tena.

Mkurugenzi aliniuliza kama nataka kurudi ukumbi wa injini. Nilimwambia nitafikiri. Bado nafikiri. Najua nikiondoka, ukumbi huu wa Bata watampa msichana mwingine, naye atasoma maneno kama anavyosoma bei ya tiketi.

Katika mafunzo ya ubao mpya tuliambiwa tusiwaache watoto hivi hivi wakipata jibu, tuwatie moyo. Jana alikuja msichana wa shule, mdogo, soksi moja imeshuka. Alivisoma vitufe vyote kwa kidole, polepole. Akabonyeza cha tano. Taa ikawaka kijani. Akanigeukia akiruka ruka, "Dada, dada, nimepatia?"

Nikamwambia, "Umepatia. Hongera." Nikampigia makofi, na wenzake wakapiga.

Mwanao.